Kamera moja, bima mbili: namna ya kuzipanga na namna ya kudai

Wacha nianze na lile swali ambalo kila mtu huku Amu, yaani Lamu, huuliza kwanza: kitu chako cha laki moja ukikikatia bima kwa kampuni mbili alafu kiibiwe, hulipwi laki mbili. Unalipwa thamani ya kile kitu, bas, na hizo kampuni ndizo zitakazogawana mzigo. Kuwa na bima mbili si kosa, hakuna sheria inayokukataza kukatia simu ama kamera yako kwa kampuni mbili hata tatu, kosa ni kudai thamani nzima hapa na thamani nzima kule huku umenyamaza kimya. Hiyo inaitwa kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungo chake Kenya chaweza kufika miaka mitatu, na mamlaka ya bima, IRA, ina kitengo cha kuchunguza ulaghai kinachofanya kazi na polisi toka 2011. Kwa hivo ukikutana na wakala Malindi anakwambia "shekhe, wewe lipa tu kote kote, ikipotea unachukua mara mbili", mnunulie kahawa, mshukuru, alafu tafuta wakala mwengine.

Kanuni yenyewe ni kongwe, na imetoka baharini. Jaji Lord Mansfield wa Uingereza aliamua hivo 1758 kwa kesi ya mizigo ya meli, kwamba aliyekata bima mara mbili atalipwa hasara yake mara moja, na kampuni iliyolipa itaenda kudai fungu lake kwa mwenzake. Sheria yetu ya bima ya bahari, Cap 390, inafuata njia hiyo hiyo, na kwa vitu vya nyumbani korti zinafuata fikra ile ile manake bima ya mali ni ya kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, si ya kukutajirisha. Wenye takaful, ile bima ya Kiislamu, pia wasijidanganye, mfuko wa kusaidiana nao unafidia hasara tu. Bima ya maisha ndiyo tofauti, hiyo unaeza kuwa na tatu na zote zikalipa kamili kwa sababu roho haina bei ya sokoni, na ile ya ajali ya mtu binafsi inayolipa kiasi kilichotajwa nayo huwa hivo hivo. Hapa naongea vitu: simu, laptop, kamera, dhahabu, baiskeli.

Sasa mtu atauliza, kama silipwi mara mbili, hiyo bima ya pili ni ya nini? Ya pili ina faida pale inapoziba shimo la ya kwanza. Kama haizibi shimo lolote, unalipia hewa.

Kabla hujalipa chochote kaa chini utafute ulizonazo tayari, manake watu wengi wana mbili bila kujua. Simu ya kulipa pole pole mara nyingi huja na kava ndani yake, ile pesa unayotuma kila siku kuna kipande cha bima humo na hata karatasi hukuonyeshwa, idai. Laptop ya kazini huenda mwajiri ameikatia. Kama una bima ya nyumba ile ya pakeji, angalia kama kuna sehemu ya vitu vya kubeba, wao huiita all risks, ndiyo inayofuata kamera na saa na dhahabu nje ya nyumba, wakati sehemu ya vyombo vya ndani kwa kawaida huishia mlangoni. Ukienda Umra, bima ya safari ina fungu la mizigo. Kusanya karatasi zote, zile za simu zipigie skrinshoti, alafu zisome mbili mbili kitu kimoja kwa kimoja.

Nakupa mfano wa mpiga picha wa harusi hapa Lamu, kamera yake na lenzi ni laki moja na ishirini. Ana pakeji ya nyumba yenye all risks ya laki na ishirini, na ana kava ya vifaa aliyouziwa alikonunua kamera, hiyo ni ya elfu sitini. Ukimuuliza atakwambia niko sawa, niko na mbili. Haya, fungua karatasi. Ya nyumba inalipa wizi, inalipa kuvunjika kwa ajali, inalipa popote Kenya, lakini kuna mstari mmoja mdogo ukurasa wa nyuma unaosema haigusi kifaa kinachotumika kwa kazi ya kulipwa. Ya dukani haina shida na kazi, inalipa kuanguka na kuingia maji, lakini wizi inalipa ikiwa tu umeporwa kwa nguvu ama mlango umevunjwa. Sasa kamera imtoke mkononi baina ya boti na gati pale Shela wakati bibi harusi anapandishwa, ya nyumba inamwambia ulikuwa kazini, inabaki ya dukani peke yake na elfu sitini zake. Na ikiibiwa ndani ya begi alipoliacha barazani akaingia kuswali? Ya dukani haikubali manake hakuna nguvu iliyotumika, na ya nyumba itamuuliza kwanini aliacha kitu bila mtu wa kukiangalia. Hapo bima mbili zimekuwa sifuri. Alichohitaji si kampuni ya pili, alihitaji kupiga simu ile ya kwanza aongezewe matumizi ya kazi kwa nyongeza ya primiamu, yaani ile ada ya bima, na mara nyingi hiyo huwa rahisi kuliko mkataba mpya.

Kwa hivo ukisoma tafuta haya kwenye kila karatasi: inalipa hatari gani na inakataa gani (maji ya chumvi, wizi bila kuvunja, kuacha bila ulinzi), kikomo cha kitu kimoja ni ngapi manake pakeji ya laki tano yaeza kuwa na kikomo kidogo sana kwa kitu kimoja kisichotajwa kwa jina, ekses (kile kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe) ni ngapi, wanalipa bei ya kitu kipya ama wanatoa uchakavu, na mwisho kabisa kile kipengele kinachoongea juu ya bima nyengine. Hicho ndicho chenyewe. Kuna wanaosema tutalipa fungu letu tu kama kuna kava nyengine, hao ndio wengi. Kuna wanaosema tutalipa kile kitakachobaki baada ya kava nyengine kulipa. Na kuna wanaosema kukiwa na nyengine sisi hatumo. Usitie sahihi kabla hujajua yako ni ipi kati ya hizo.

Kama umeona shimo kweli na unataka kava ya pili, sema. Fomu ya maombi huwa na swali kama hicho kitu kina bima pengine, jibu ndio hata kama wakala anakukonyezea jicho uache wazi, manake bima inasimama juu ya ukweli na ukificha jambo ambalo lingewafanya wafikirie upya wanaeza kukunyima kila kitu hata kama hasara ni ya halali mia kwa mia. Alafu rudi uijulishe na ile ya kwanza pia. Kumwambia wakala kwa mdomo mkinywa kahawa hakutoshi, wala ujumbe wa WhatsApp kwake peke yake si kitu cha kutegemea, mwandikie kampuni yenyewe kwa imeili wakala ukimuweka kwenye kopi. Andika hivi tu:

"Nawajulisha kwamba kamera yangu (aina, namba ya siriali) iliyo kwenye mkataba wenu namba fulani pia ina kava ya kampuni fulani kuanzia tarehe fulani, kiasi cha shilingi kadhaa. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea, na mniambie kama kuna kipengele chochote kinachobadilika."

Jibu lao litunze mahali ambapo simu ikipotea bado utalipata. Na wenye nyumba za makuti, hilo la paa litajeni kwenye zote mbili, makuti moto wake si wa mchezo na kampuni hutoza tofauti, usije ukaandika mabati kwenye moja na makuti kwenye nyengine kisha karatasi zikakutanishwa siku ya klemu, yaani siku ya kudai.

Pesa lipa kwa paybill ya kampuni, si kwa namba ya wakala binafsi, hata akiwa ni mtoto wa shangazi yako. Utaona juu ya primiamu kuna vijitozo, ya mafunzo asilimia 0.2, ya mfuko wa kufidia wenye bima 0.25, na stempu ya shilingi 40. Ni vidogo lakini kila mkataba una vyake.

Kuna wanaopenda kugawa, kamera ya laki na ishirini nusu kwa kampuni hii nusu kwa ile, wakidhani ni ujanja wa kupunguza hatari kampuni ikifilisika. Inafanyika, lakini lazima iandikwe pande zote mbili kwamba kila mmoja ameshika nusu. Usipofanya hivo, kila kampuni inaona mtu aliyekatia kitu cha laki na ishirini kwa elfu sitini, yaani amekata pungufu, na wengi wana kipengele cha kukupunguzia kwa kiasi hicho hicho. Ukipata hasara ya elfu arubaini na ukadai kwa mmoja tu utapewa elfu ishirini na utabaki unalalamika mtaa wa Langoni mzima kwamba bima ni wezi. Kwa kitu cha mtu binafsi mimi sioni sababu ya kugawa, waachie wenye meli na mahoteli.

Haya, tuseme hasara imetokea. La kwanza ni kukilinda kilichobaki. Kamera ama simu ikiingia maji ya bahari usiiwashe kuangalia kama inafanya kazi, toa betri kama inatoka, ipige picha ilivyo, ifunge, iweke. Usimpelekee fundi aifungue kabla kampuni haijasema manake asesa, yule mkadiriaji wa hasara, ambaye mara nyingi hutoka Mombasa, anataka kuikuta na chumvi yake, na pia baada ya kulipwa kikamilifu lile gofu, yaani mabaki ya kifaa, huwa ni lao. Ukiwa umeshauza lenzi utaulizwa. Ikiwa ni wizi nenda kituo cha polisi mapema, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio) na baadae abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha uliripoti, na hakikisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ama siriali iliyoandikwa pale ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye mikataba yote miwili, herufi kwa herufi.

Alafu julisha kampuni zote mbili siku hiyo hiyo. Hapa wengi wanakosea, wanaona wadai kwa moja kwanza wakinyimwa waende kwa nyengine, kumbe mkataba wa pili una muda wa kutoa taarifa na muda umepita wakingoja. Kujulisha si kudai mara mbili. Unaandika taarifa ileile kwa zote, tarehe ileile, maelezo yaleyale, na kwenye kila moja unasema wazi kwamba mwenzake pia amejulishwa na namba ya klemu yake ni hii. Risiti halisi unayo moja, peleka kopi kote na sema halisi iko wapi.

Hesabu sasa. Kamera yetu imekadiriwa baada ya uchakavu kuwa hasara ni elfu tisini, na tuseme safari hii kampuni zote mbili zinakubali hatari yenyewe. Moja ina laki na ishirini, nyengine elfu sitini, yaani mbili kwa moja. Njia ya kawaida ni kugawa kwa uzito huo, ya kwanza elfu sitini, ya pili thelathini. Kuna njia nyengine ambapo kila kampuni inapiga hesabu ingelipa ngapi kama ingekuwa peke yake kisha ndio wanagawana, matokeo yanasogea kidogo, lakini huo ni ugomvi wao. Kinachokuhusu wewe ni ekses. Kila moja ina ekses ya elfu tano, na kila moja ikikata yake unabaki na elfu themanini. Ungekuwa na ile ya kwanza peke yake ungepata themanini na tano! Umelipa primiamu mbili ukapata kidogo zaidi. Hapo usikubali kimya kimya, waandikie wote kwamba hasara ni moja na unaomba ikatwe ekses moja, wengine hukubali wengine hukataa, lakini asiyeomba hapewi.

Ikiwa mikataba yako haina kile kipengele cha "tutalipa fungu letu tu" unaeza kudai yote kwa mmoja, chagua mwenye ekses ndogo ama aliye na ofisi unayoifikia, yeye atamfuata mwenzake. Kama kipo, itabidi ukusanye kote. Na usitie sahihi karatasi ya "nimepokea malipo yote na sina dai lingine" kwa kampuni ya kwanza kabla ya kusoma inasema dai kwa nani, iandikwe waziwazi kwamba ni fungu lao tu.

Na ukipigwa danadana? Huyu anasema kadai kwa yule kwa sababu mkataba wangu unajitoa kukiwa na nyengine, yule naye anasema hivo hivo. Korti ya Uingereza ililiona hilo 1932 kwenye kesi ya Weddell, ya gari, ikasema mikataba miwili ikijitoa kila mmoja kwa sababu ya mwenzake, vipengele hivyo vinafutana na wote wanalipa. Kesi za Uingereza kwa mambo ya bima zinasikizwa sana kwenye korti zetu, kwa hivo hoja hiyo iweke kwenye barua, omba kila kampuni ikuandikie sababu ya kukataa, na ukiwa na barua mbili zinazosukumana peleka malalamiko IRA, hailipishwi.

Mizigo ya safari nayo ina mwenzake wa tatu ambaye watu humsahau, ndege. Begi likipotea baina ya Mombasa na Jeddah, mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unamfanya mwenye ndege awajibike mpaka SDR 1,519 kwa abiria kwa safari za kuanzia 28 Desemba 2024, hiyo SDR ni kipimo cha pesa cha shirika la fedha duniani, IMF. Lakini ripoti ya uwanja uitoe pale pale kabla hujatoka, na kwa begi lililoharibika malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7, lililochelewa siku 21 toka ulipokabidhiwa. Bima ya safari itataka kuona ndege imelipa ngapi kwanza, na all risks ya nyumbani itataka kuona zote mbili. Dhahabu ndani ya begi la kukabidhi, hilo sahau, vaa.

Kuna hali inayofanana na bima mbili lakini siyo. Umempelekea sonara mkufu aunge, na sonara ana bima ya vitu vya wateja, na wewe una yako. Kitu ni kimoja lakini maslahi ni mawili, lako ni la mwenye mali na lake ni la aliyekabidhiwa. Kesi ya 1877 ya maghala ya nafaka London ilikuwa hivo, mwenye ghala amekata na mwenye nafaka amekata, moto ukaja, ikaamuliwa hakuna kugawana, mwenye ghala ndiye aliyekuwa na jukumu kwa hivo bima yake ibebe yote. Maana yake kwako ni kwamba kampuni yako yaeza kukulipa alafu ikamfuata sonara ama bima yake kwa jina lako. Na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoharibu. Mzee mmoja wa mtaa anaitwa, mnakaa barazani, mnasomeana fatiha, unasema yaishe na mnaandikiana karatasi kwamba hudaiani chochote. Ni vizuri kwa ujirani, lakini umeifungia kampuni yako njia ya kumfuata, na ina haki ya kukunyima malipo ama kukudai. Ikiwa unataka kusamehe, samehe, ila usiende tena kwa bima na usitie sahihi chochote kabla hujawauliza.

Mwisho ni kwa aliyesoma mpaka hapa akagundua ana mbili zinazofanya kazi moja. Chagua ya kubaki nayo kwa vipengele, si kwa bei. Ile ya kuondoa iandikie kabla ya tarehe ya kuanza upya, uliza kama watakurudishia primiamu ya miezi iliyobaki na kwa hesabu gani, manake wengine hurudisha kwa siku zilizobaki na wengine hutumia jedwali lao linalokula zaidi. Usitarajie kurudishiwa kwa kuwa tu ulikuwa umekatiwa mara mbili, kanuni ya zamani ya bahari inasema aliyekata mara mbili kwa makusudi na anajua hana marejesho. Na ile ya simu ya mkopo mara nyingi huwezi kuitoa mpaka deni liishe kwa sababu aliyekukopesha ndiye wa kwanza kulipwa simu ikipotea, kwa hivo hiyo iache, toa simu kwenye orodha ya pakeji ya nyumba, na siku ya kumaliza deni uliza kama kava imeisha nalo, manake kawaida huwa imeisha na hakuna atakayekupigia kukwambia.